Riviu ya Sperrkonto, ile akaunti iliyofungwa ya Ujerumani: nimekaa nayo mwaka mzima

Naanza na nyota ili asiye na muda aondoke nazo: tatu na nusu kati ya tano. Ungeniuliza mwezi wa kwanza ningekupa moja, tena kwa shingo upande.

Watu wanariviu simu, wanariviu chipsi mayai, mimi naomba niriviu kitu kilichonitoa jasho kuliko vyote nilivyowahi kulipia, na wala sio kitu, ni akaunti ambayo hela ni yako ila huruhusiwi kuigusa. Wajerumani wanaiita Sperrkonto, sisi Waswahili tuliopo huku Leipzig tunaiita jela. Ukisikia mtu anasema "jela bado haijafungua mwezi huu" ujue hajakamatwa mtu, ni mwanafunzi anasubiri hela ya kula.

Iko hivi. Ukitaka viza ya kusoma Ujerumani na huna skolashipu, ubalozi unataka uhakika kwamba utaishi mwaka mzima bila kuombaomba. Barua ya baba haisaidii, steitimenti ya mjomba mwenye fuso tatu haisaidii, wanataka hela yenyewe iwe imeshafika Ujerumani na imefungiwa. Kiasi wanapanga wao, kuanzia Septemba 2024 ni euro 11,904 kwa mwaka. Unaweka yote kwa mkupuo, ukishafika unatolewa 992 kila mwezi, ukiwa na njaa ni 992 na ukiwa umeshiba ni 992. Kuna njia nyingine ya mtu anayeishi Ujerumani kukusainia kwamba atakubeba, ila huyo mtu akisaini anawajibika kweli kisheria, serikali ikitumia hela juu yako inamdai yeye, kwahiyo usishangae binamu yako wa Hamburg akianza kutopokea simu.

Na hapa ndo uongo mkubwa wa "Ujerumani chuo bure" unapoanzia. Ni kweli vyuo vingi vya serikali havitozi karo, hilo sio uongo. Ila sio vyote, jimbo la Baden-Württemberg tangu 2017 wanatutoza sisi wa nje ya Ulaya euro 1,500 kwa muhula, na TU München, chuo kikuu cha ufundi cha mji wa München, nao wameanza kutoza wageni 2024, ni maelfu ya euro. Lakini hata huko kwa bure, kabla hujaliona darasa unatakiwa uwe na milioni 35 na ushee za kitanzania kwa pamoja. Sasa wewe niambie, mtoto wa mwalimu mstaafu wa Tanga hizo milioni 35 anazitoa wapi kwa mpigo. Karo ya mwaka chuo cha nyumbani tungelipa kwa awamu huku tunagombana na mhasibu, huku hakuna awamu.

Sisi tulizitoa hivi: baba aliuza kiwanja cha Kange, kile ambacho tangu niko darasa la pili tulikuwa tunaambiwa ndo nyumba ya uzeeni. Mama akavunja vikoba. Dada mkubwa akachukua mkopo kazini kwake. Iliyobaki ukoo ukachangishana, na kwenye ukoo kila aliyetoa 50,000 anajua ametoa 50,000 na atakukumbusha mpaka kwenye harusi yako. Tulikuwa tumepiga hesabu ya 11,208 maana ndo kilikuwa kiwango tangu 2023, tukafikisha, tukashukuru Mungu, halafu miadi yangu ubalozini ikaangukia Septemba, kiwango kimeshapanda. Tofauti euro 696. Kama milioni mbili hivi za haraka. Mama alinitazama kama vile mimi ndo Waziri wa Fedha wa Ujerumani.

Kufungua akaunti yenyewe ni rahisi, hapo nawapa sifa. Siku hizi ni kampuni za mtandaoni, unapakua apu, unapiga picha paspoti, unajirekodi uso, siku mbili tatu una namba ya akaunti. Ada ya kufungua inacheza euro 50 hadi 100 kutegemea na kampuni, halafu kila mwezi wanakata kama tano hivi. Ya kwangu sitaji jina lake maana zote mchezo wao ni mmoja na wizara yao ya mambo ya nje inaorodhesha kampuni zinazokubalika, angalia kule, usiangalie kwa wakala. Nimeona wakala anatoza mtu laki nane "kufunguliwa Sperrkonto" jamani, laki nane kwa kitu ambacho ni kujipiga selfi.

Kimbembe ni kutuma hela. Hiki kipande soma taratibu maana ndicho kilichonila nyota nzima.

Nimeenda benki na baba, yeye kavaa suti yake ya kustaafia, tumebeba karatasi zote, admisheni, paspoti, barua ya hiyo kampuni. Kwanza tukazungushwa kuhusu euro, maana kipindi hicho fedha za kigeni zilikuwa shida, ukitaja dola tu mtu wa kaunta anaenda kumuita bosi wake. Siku ya tatu ikakubali. Yule kijana akajaza fomu ya SWIFT, ile ya kutuma hela nje ya nchi, kuna mahali pa kuchagua nani analipa makato ya njiani, kuna herufi tatu tatu pale, OUR ni anayetuma, SHA ni mnagawana, BEN ni anayepokea. Hakutuuliza. Akatiki SHA akapiga muhuri. Sisi tunajua nini? Tukasaini, baba akasema alhamdulillah, tukaenda kunywa chai ya maziwa na sambusa.

Hela ikapita benki ya katikati, benki ya katikati ikachukua chake, ikafika imepungua euro 21. Ishirini na moja. Apu ikaandika kwa rangi nyekundu kwamba kiasi hakijatimia na cheti cha kupeleka ubalozini hakitatoka mpaka kitimie. Nikarudi benki kuulizia kutuma hizo 21, gharama ya kutuma ikawa kubwa kuliko hela yenyewe, na hiyo nayo ingekatwa njiani ifike pungufu ya pungufu. Miadi imebaki siku nne. Aliyeniokoa ni yule yule binamu wa Hamburg asiyepokea simu, nilimwandikia saa tano usiku, yeye kutuma ndani ya Ulaya ni bure, akatuma 25, asubuhi cheti kimetoka. Nimemsamehe yote. Wewe unayesoma hii, mwambie mtu wa benki atiki OUR, makato yote ulipe wewe huko huko nyumbani, na juu yake ongeza hata euro 50, zikizidi utarudishiwa ukifika. Kitu kidogo hivyo na hakuna aliyetuambia.

Viza nikapata, euro 75 ada yake, miadi pale ubalozini Umoja House, Dar, sina la kusema, waliniuliza maswali matano. Nimefika Leipzig mwanzoni mwa Novemba masomo yameshaanza, baridi ya kuuma masikio, nimevaa koti la mtumba nililonunua soko la Karume kwa shilingi 25,000. Ndani ya koti kuna lebo ya duka la Kijerumani. Nikasema basi, limerudi kwao, mimi nimelisindikiza tu.

Sasa unafikiri ukishafika jela inafunguka? Haifunguki. Kwanza ujiandikishe kwamba unaishi mji huu, wanaita Anmeldung, na ili ujiandikishe unataka karatasi ya mwenye nyumba na miadi ya ofisi ya kata yao. Ukishajiandikisha ndo ufungue akaunti ya kawaida ya benki. Ukishapata akaunti ya kawaida ndo upakie karatasi zote kwenye apu, nao wakague, ndo waanze kumwaga. Na mwenye hosteli yeye anataka dhamana na kodi ya kwanza sasa hivi. Yaani bila anwani huna benki, bila benki huna hela, bila hela huna anwani. Nilikuwa na euro 350 taslimu, ndo nilizoambiwa "zitakutosha wiki ya kwanza". Ilichukua siku 19.

Siku 19 nimekula ugali wa njano. Unga mweupe upo maduka ya mtaa wa Eisenbahnstraße, mtaa wa Waarabu, Waturuki na Waafrika, ila bei yake niliiona nikarudisha pakiti taratibu kama vile nilikuwa naisoma tu. Supamaketi za kawaida kuna unga wa polenta wa Waitaliano, ni mahindi ya njano, ukiusonga kwa hasira unakuwa ugali, una chenga kidogo, na mayai ya kukaanga unashuka. Jamaa wa Kisumu chumba cha jirani alinusa akagonga mlango, akasema "hiyo sio ugali ndugu yangu, lakini leta sahani". Yeye ndo alinifundisha chupa. Huku chupa za plastiki za maji na soda zina dhamana ya senti 25 kila moja, unazirudisha kwenye mashine supamaketi inakupa risiti. Chupa 12 ni euro tatu, na euro tatu ni chakula cha mchana cha mwanafunzi kantini ya chuo. Nilikuwa natazama chupa za watu kwenye tramu kama paka anavyotazama samaki.

Ushauri wa hapo ni mfupi: njoo na euro 800 mkononi, sio 350. Yeyote anayekuambia akaunti inafunguka wiki ya kwanza hajawahi kuishi Ujerumani.

Tarehe ilipofika simu ikalia, 992 zimeingia. Sitasahau. Nilikaa kitandani nikaziangalia tu.

Je 992 inatosha? Inategemea na mji, na hapa watu wanadanganyana sana. Leipzig inatosha na chenji inabaki. Chumba changu cha hosteli 290 na kila kitu ndani, jiko tunashea watu watatu. Bima ya afya ya lazima, hiyo hukwepi, nilipofika ilikuwa inakaribia 130, 2025 ikapanda ikavuka 140, na ukifikisha miaka 30 ile bei ya mwanafunzi wanakuondolea kwahiyo wenye umri umri hesabuni mapema. Chakula natumia 200 nikijipikia. Laini ya simu kumi. Halafu kuna ada ya redio na tivii, euro 18.36 kila mwezi kwa kila nyumba, hata kama huna redio na tivii huijui, barua inakuja, unalipa, sisi tunagawana watatu. Ada ya muhula mia mbili na ushee mara mbili kwa mwaka, ila ndani yake kuna tiketi ya usafiri kwahiyo hiyo nailipa bila kinyongo. Mwisho wa mwezi nabaki na mia mbili, mia tatu hivi. Rafiki yangu aliyepangiwa München chumba peke yake ni 650 na ni kidogo kama stoo, huyo 992 inaisha tarehe 18 anaanza kunitumia sauti ndefu ndefu.

Sasa nieleze kwanini nyota zimepanda kutoka moja.

Mwezi wa kwanza nilikuwa nalaani, hela zetu, kiwanja chetu cha Kange, halafu Mjerumani ananipimia kama mtoto wa chekechea. Mpaka Desemba. Desemba simu za nyumbani zinaanza, mnajua. Mama mdogo kapiga video, nyuma naona majirani wawili na mtoto wa kidato cha nne asiye na ada.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu, baridi huko? Haya. Nasikia una milioni 35 benki."

"Zipo mama mdogo, ila zimefungwa. Zinatoka kidogo kidogo tu kila mwezi."

"Zimefungwa na nani?"

"Na serikali ya Ujerumani."

Kimya. Halafu akamgeukia jirani, "anasema hela yake imefungwa na serikali", jirani akasema maskini, na mtoto wa kidato cha nne akaniangalia kwa huruma. Mimi ndo nikaonewa huruma! Kikao kikaisha hivyo, hakuna ugomvi, hakuna "umeshakuwa Mzungu". Hakuna uongo niliosema hata mmoja. Ndugu zangu, hiyo huduma peke yake hakuna benki Tanzania inaitoa. Ningekuwa na zile 11,904 zote kwenye simu mwezi wa Novemba, naijua nafsi yangu na naujua ukoo wangu, Februari ningekuwa nimejenga choo cha watu, nimelipa ada ya wawili na nimenunua laptop ya ugomvi, Machi nakula chupa. Kiwanja cha Kange kingekuwa kimeliwa mara mbili.

Ila kuna waliogeuziwa hii kitu kitanzi. Kuna jamaa hapa, simtaji hata kwa mji, hela ya akaunti alikopeshwa na mtu huko nyumbani kwa riba, masharti ni kila 992 ikiingia anairudisha yote kwa mkopeshaji. Kwahiyo kwenye karatasi ana hela ya kuishi, kiukweli anaishi kwa kubeba mizigo usiku na darasani anasinzia. Sheria tangu Machi 2024 inamruhusu mwanafunzi wa nje kufanya kazi siku 140 nzima kwa mwaka au nusu siku 280, ukizila zote mapema ndo basi. Yeye alizila kufikia Agosti. Kama huna namna isipokuwa hiyo, bora usubiri mwaka mmoja utafute skolashipu.

Na skolashipu zipo, ndo njia ya kuiruka jela kabisa. Mwenye ile ya DAAD, shirika la Kijerumani linalofadhili wanafunzi, haulizwi Sperrkonto, barua yake inatosha, na wa masters analipwa hiyo hiyo 992 kila mwezi ila tofauti ni kwamba yeye hakuuza kiwanja, na bima na nauli wanamsaidia. Kuna mpango wao wa EPOS kwa nchi kama zetu, kikwazo chake ni kutaka uwe umefanya kazi miaka miwili baada ya digrii na digrii isiwe imezidi miaka sita. Mimi nilikuwa nimetoka chuo juzi, nikaona miaka miwili mingi, nikamfanya baba auze kiwanja. Hilo halina uhusiano na riviu, nalisema tu. Ukishafika kuna Deutschlandstipendium, euro 300 kwa mwezi, hawaangalii uraia wala hawakukati kwa sababu una hela nyingine, unaombea chuoni kwako, na cha ajabu Waafrika wengi hapa hata hawajui ipo. Nimeomba, nasubiri.

Kitu cha mwisho ambacho tangazo la akaunti hili halikuambii: ni ya mwaka mmoja, masters ni miaka miwili. Mwaka ukikaribia kuisha ofisi ya wageni inataka uthibitisho mpya, ama uijaze tena ama ulete mkataba wa kazi unaotosheleza. Watu wanafika wakidhani wameshamaliza mtihani kumbe ni nusu fainali. Mimi Machi 2025 nilipata kazi ghalani, kupanga vifurushi masaa 15 kwa wiki, kima cha chini cha mshahara mwaka huo kilikuwa 12.82 kwa saa, na zile mia mbili mia tatu zilizokuwa zinabaki kila mwezi sikuzigusa. Mkataba ukichanganya na akiba, ofisi ya wageni wakakubali, baba hakuuza kitu kingine. Kwahiyo nusu ya akiba hiyo ni jela iliyonitunzia, sioni haya kusema.

Hesabu ya nyota basi: kufungua kirahisi, moja. Haijawahi kuchelewa hata mwezi mmoja baada ya ule wa kwanza, moja. Kunilinda na ukoo, moja nzima na ningeweza kutoa mbili. Nusu ni ya yule dada wa huduma kwa wateja aliyenijibu Jumapili, nchi ambayo Jumapili huuziwi hata kiberiti. Niliyobana ni ya euro 21 na siku 19.

Novemba 2025 ikaingia 992 ya mwisho. Nikafungua apu, salio limeandikwa 0,00, na chini wameandika asante kwa kutumia huduma yetu. Nikapiga skrinshoti nikairusha kwenye grupu la ukoo, nikaandika nashukuru wote mliochangia, mwaka umeisha salama na hela imetumika yote kwa masomo. Baba akaweka mikono ya dua. Dada akaweka moyo. Watu wakapongeza pongeza.

Saa mbili baadae mama mdogo akaniandikia pembeni: "Mwanangu nimeona. Kwahiyo serikali imeshakufungulia?"

Nikaandika nikafuta, nikaandika nikafuta. Mwisho nikamtumia, "Shikamoo mama mdogo."